Tuacheni Twende Dar Peke Yetu

Mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Rwanda akisema anataka kwenda Dar es Salaam, huulizwa swali moja: “Una mwenyeji?” Akijibu kwamba hana, huambiwa asubiri safari ya darasa. Kwa msichana, ushauri huo hugeuka amri. Napinga ushauri huo. Najua hutolewa kwa upendo, lakini unatunyima nusu ya kile tunachokisomea.

Sisemi kwamba mji ule ni mwepesi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tano katika Mkoa wa Dar es Salaam, wakati Kigali yetu haikufika hata milioni mbili. Ukivuka mpaka wa Rusumo, saa inasogea mbele kwa saa moja na magari yanahamia upande wa kushoto. Mtu aliyekulia Kigali akitaka kuvuka barabara hutazama kushoto kwanza, kumbe gari linamjia kutoka kulia. Katika Barabara ya Morogoro inabidi awe mwangalifu zaidi, maana mabasi ya mwendokasi yana njia yao katikati.

Kuna ugumu mwingine mkubwa kuliko huo. Kigali tumezoea kusoma vibao: KN, KG, KK, kisha namba. Dar es Salaam watu huelekezana kwa mdomo. Utaambiwa ushuke kituo fulani, uvuke barabara, uulize duka la mtu fulani. Daladala huandikwa mbele mwanzo na mwisho wa safari yake, lakini vituo vingi vya katikati utavisikia kwa konda tu. Kuna Mbezi Luis, kwenye stendi kubwa ya mabasi ya mikoani, na kuna Mbezi Beach, upande wa Barabara ya Bagamoyo. Kuna Posta Mpya na Posta ya Zamani. Ukisema “Mbezi” au “Posta” bila kuongeza neno, unaweza kupelekwa kusiko kwako.

Wanaotuzuia huutumia ugumu huu kama sababu ya kutuzuia. Mimi nauona kuwa ndiyo sababu ya kutupeleka. Mji usiotembelewa bila kuuliza na kusikiliza ni darasa gani bora kuliko hilo kwa mwanafunzi wa lugha?

Mwaka jana nilikaa huko siku tisa bila mwenyeji. Nilijifunza kwamba konda akichezesha sarafu mkononi anadai nauli, hata kama hajasema neno. Nilijifunza kwamba ile sentensi ndefu ya kitabuni, “Tafadhali naomba unishushe katika kituo kinachofuata,” huisha wakati kituo kimeshapitwa. Abiria wenzangu walisema “Shusha!” na gari likasimama. Lakini nilijifunza pia kwamba ufupi huo hauendi kila mahali. Mama anayeuza vitumbua huanzi kumuuliza njia moja kwa moja. Unasema shikamoo, unasubiri marahaba, unaomba radhi, ndipo unauliza. Ukifuata utaratibu huo, anaweza hata kumwita kijana wa jirani akusogeze. Na Mnyarwanda anayechanganya r na l, akimwambia mama lishe kwamba anataka “kura”, ataambiwa kwa kicheko kwamba uchaguzi bado. Hatarudia kosa hilo.

Sasa tazameni safari ya darasa. Tunapanda basi moja, tunaongea Kinyarwanda njia nzima, na mwalimu mmoja anauliza njia kwa niaba yetu sote. Tunapiga picha baharini, tunarudi. Methali inasema kutembea kwingi ni kuona mengi, lakini sisi tunayaona mengi hayo kupitia dirishani.

Wapo watakaouliza: na usalama? Swali hilo ni la haki. Wezi wapo, hasa penye msongamano kama Kariakoo. Wapo pia wanaume wanaomfuata msichana aliye peke yake. Lakini hatari hizo hazikosekani katika miji yetu, na hatuambiwi tusitoke nyumbani. Hatari hupunguzwa kwa maarifa: fika mchana, jua utakapolala kabla ya kuondoka, weka pesa ndogo mbali na pesa kubwa, shukia kituo chenye watu, muulize mama mwenye kibanda badala ya kijana anayejipendekeza, na usimkabidhi mtu simu yako eti akutafutie njia. Tungefundishwa haya, yangetulinda. Amri ya “usiende” haitufundishi hata moja.

Tena si jambo dogo. Bunge letu lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na wengi wetu tutakuwa walimu. Mwalimu ambaye hajawahi kuomba njia kwa Kiswahili atafundisha vipi mada ya kuuliza njia? Madereva wetu wa malori wanakwenda bandari ya Dar es Salaam mwaka mzima kuchukua mizigo ya Rwanda. Hawana shahada ya Kiswahili, na hakuna anayewauliza kama wana mwenyeji. Sisi wenye vitabu ndio tunaoshikwa mkono.

Sidai kwamba kila mmoja apewe pasipoti na kuachwa ajitegemee. Naomba safari ya darasa itenge siku moja. Kila mwanafunzi apewe jina la kituo, aende peke yake kwa daladala, azungumze na watu watatu, arudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, kisha asimulie. Namba ya mwalimu iwe kwenye simu yake.

Walimu wetu, kila muhula mnatutungia mtihani wa ufahamu wa kusikiliza. Tupeni na huu: kituo cha kuanzia, kituo cha kufikia, na nauli ya kwenda na kurudi. Jioni mtusahihishe.