Dini yetu ipimwe msibani

Kabla jeneza halijatolewa kwenda makaburini, msemaji wa familia husimama chini ya turubai na kutoa tangazo ambalo kila mkazi wa Suma, hapa wilayani Rungwe, analifahamu: aliyekuwa akimdai marehemu aione familia, na aliyekuwa akidaiwa na marehemu naye aione familia. Waombolezaji wameketi kwenye mabenchi na magogo kati ya migomba, akina mama wako jikoni na masufuria ya ndizi na maharage, vijana waliochimba kaburi bado wana udongo miguuni, na daftari la rambirambi liko mezani. Tangazo halizidi dakika moja, na wengi hulichukulia kama utaratibu tu wa msiba. Kwangu dakika hiyo imebeba uzito wa dini nzima. Mtu hazikwi na deni lililofichwa, na waliobaki hawaachwi na kinyongo kisichosemwa. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kazi kubwa ya dini katika jamii ni kuwawezesha watu kusema hadharani kinachowatenganisha, kisha wapatane. Hapa Rungwe, kanisa, msikiti au nabii yeyote apimwe kwanza kwa kazi hiyo, kabla hatujahesabu waumini wake na mabati ya paa lake.

Wanasosholojia wamebishana juu ya dini kwa zaidi ya karne moja. Karl Marx, akiandika miaka ya 1840, aliiona kama dawa ya kutuliza maumivu inayomfanya mnyonge avumilie dhuluma badala ya kuiondoa. Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1912, alisema kwamba watu wanapokusanyika kwa ibada hujenga upya umoja wao, na nguvu wanayoihisi hapo ni nguvu ya jamii yenyewe. Wote wawili waliona jambo la kweli. Lakini Durkheim hakutueleza vya kutosha umoja huo unapatikanaje pale ambapo watu wamekosana kweli, wamenyang'anyana mpaka wa shamba au wamedhulumiana ng'ombe wa mahari. Kuimba pamoja hakumalizi ugomvi wa mpaka. Hapo ndipo Rungwe ina somo lake, na somo hilo limeandikwa.

Kati ya mwaka 1934 na 1938, wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa hapa, wakichunguza maisha yao. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akachapisha matokeo kwa miaka mingi, kikiwemo kitabu cha mwaka 1957 kuhusu matambiko ya ukoo. Jambo lililomgusa ni nafasi ya hasira katika imani za wenyeji. Hasira iliyofichwa moyoni ilihesabiwa kuwa chanzo cha maradhi, utasa na mavuno mabaya. Kwa hiyo ndugu waliokutana kwa tambiko walitakiwa kwanza kulitoa lililo moyoni, kila mmoja aseme alivyoumizwa na nani, kisha mkubwa wao apulize maji kutoka kinywani kama ishara kwamba hasira imetoka. Aliyenyamaza huku amenuna aliharibu tambiko la wote. Majirani nao walikuwa na sauti: mtu aliyemdharau mzazi wake au kuwanyima wenzake chakula aliogopa manung'uniko yao, kwa kuwa pumzi ya watu waliokasirika iliaminika kumletea mkosaji ubaridi na homa. Tusiokubali maelezo hayo ya ugonjwa bado tunaweza kuiona hekima iliyomo: jamii ilitambua kwamba kinyongo ni jambo la wote, na ikaweka siku na mahali pa kukitoa.

Wamisionari wa Moravian walipofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, walileta historia inayofanana na hiyo kuliko wao wenyewe walivyodhani. Kanisa lao lilizaliwa upya katika kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, ambako wakimbizi wa imani walikuwa wamegombana hadi kukaribia kusambaratika. Mwezi Mei mwaka 1727 walikubaliana kanuni za kuishi pamoja kama ndugu, na tarehe 13 Agosti wakapatana katika meza ya Bwana, siku ambayo Wamoravian wanaiadhimisha hadi leo. Kutoka huko ulikuja utaratibu wa mshirika kuzungumza na wazee kuhusu hali ya moyo wake kabla ya kushiriki, na desturi ya karamu ya upendo. Mgeni na mwenyeji walitofautiana kuhusu Mungu, mizimu na ndoa ya wake wengi, na tofauti hizo hazikuwa ndogo. Kwa jambo moja walikutana: chakula kitakatifu hakiliwi pamoja na mtu ambaye hamjasemeshana.

Urithi huo sasa unayumba kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni wa makanisa makongwe yenyewe. Mgogoro wa Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), uliofika kileleni mwaka 2022, ulihusu kwa sehemu kubwa wapi makao makuu yakae, Tukuyu au Mbeya mjini, na uliwagawa waumini waliokuwa wakizikana kwa vizazi. Sitamhukumu yeyote katika shauri lile. Ninachosema ni kwamba taasisi inayofundisha upatanisho ilionekana mbele ya waumini wake ikishindwa kuufanya nyumbani. Upande wa pili ni wa huduma za kinabii, ambako mgonjwa huambiwa faraghani kwamba adui yake yumo ndani ya ukoo, ni shangazi, ni mama mkwe, ni bibi jirani. Utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2010 ulikuta Watanzania 93 katika kila 100 waliohojiwa wanaamini uchawi. Katika jamii yenye imani hiyo, jina linalotajwa sirini ni silaha. Mtuhumiwa hapewi nafasi ya kujibu, na mgonjwa anarudi nyumbani na chupa ya mafuta ya upako na chuki mpya. Kanda ya Ziwa inajua gharama yake: vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu, wakati moshi wa jikoni ulitosha kuyafanya hivyo.

Nitajibiwa kwamba hata dini ya zamani ilikuwa na watuhumiwa wake. Ni kweli. Wanyakyusa walikuwa na mwafi, kinywaji cha sumu alichonyweshwa mshukiwa ili kumtambua mchawi, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka kirudi. Siombi turudi nyuma. Mapokeo ya kila jamii yana mbegu na makapi, na kizazi chenye busara hupepeta. Mwafi ni makapi. Kusemeshana kabla ya kula pamoja ni mbegu. Cha kuhuzunisha ni kwamba huduma za kinabii zimeokota makapi na kuyapaka jina la Yesu. Tena watu hawazikimbilii kwa ujinga. Wanakwenda kwa sababu wanaumwa, wamechoka na hakuna anayewasikiliza. Makanisa yaliyojenga hospitali za Igogwe na Itete yalielewa zamani kwamba mgonjwa anahitaji daktari na msikilizaji pia, na kazi hiyo ya pili haihitaji bajeti.

Muumini naye anaweza kunilaumu kwamba ninaipunguza imani iwe chombo cha ujirani, wakati kiini chake ni kumwabudu Mungu. Lawama hiyo naiheshimu, ila naamini maandiko yenyewe yako upande wangu. Yesu alifundisha kwamba anayepeleka sadaka akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka na akapatane kwanza. Mtume Muhammad alikataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Ibada na suluhu zimefungwa pamoja, na anayezitenganisha ndiye anayeipunguza dini.

Pingamizi zito zaidi ni la Marx, na linasemwa na wajane wengi kimyakimya: upatanisho unaweza kuwa njia ya kumnyamazisha mnyonge. Mjane anaambiwa asamehe kwa ajili ya amani ya ukoo, huku shemeji zake wakigawana shamba la chai na migomba. Suluhu ya namna hiyo ni dhuluma iliyoombewa dua. Lakini pingamizi hili linaitia nguvu hoja yangu, kwa sababu katika mapokeo niliyoyaeleza kusema kulitangulia kusamehe, na hasira ya kweli ilipaswa kusikika yote. Leo tuna nyongeza ya sheria: Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mchungaji anayehimiza msamaha bila kuitaja haki hiyo amefanya nusu ya kazi.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji, mapadri, masheikh na wazee wa Suma na Rungwe yote mambo matatu. Mkatae hadharani kutajwa kwa jina la mchawi katika ibada yoyote iliyo chini yenu. Mkutane na familia kabla ya mazishi, mjane na watoto wakiwepo na wakisikilizwa, na haki zao zitajwe kwa sauti. Na tangazo lile la madeni mlipanue, ili pamoja na anayedai fedha ajitokeze pia mwenye kinyongo, asikilizwe na wazee siku hiyohiyo. Kaburi tumezoea kulichimba kwa pamoja. Tukimaliza, tusiondoke msibani tukiwa tumefukia mwili huku ugomvi tumeuacha juu ya ardhi.