Mifano Mingi Si Uthibitisho

Ndugu msomaji uliye mjini, huenda mwaka huu utampokea mtoto wa ndugu yako kutoka Mbinga au Mbamba Bay, anayekuja kuanza Chuo Kikuu. Tangu amalize kidato cha sita amekuwa akichuma kahawa milimani, au akianika usipa ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Nyumbani wamehesabu nauli na ada. Jambo moja aghalabu halihesabiwi: hisabati inayomngoja si ile aliyoizoea.

Sekondari alipewa kanuni, akatia namba, akapata jibu. Huku ataambiwa, "Thibitisha." Wapo waliofaulu vizuri ambao huduwaa hapo, wakajidhania wajinga, wakalikimbia somo. Si wajinga, hawakutayarishwa.

Hebu tujaribu. Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, ijumlishe namba hiyohiyo, kisha ongeza 41. Ukianza na 1 wapata 43. Kwa 2 wapata 47. Kwa 3 wapata 53. Zote ni namba tasa, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Endelea hadi 39, mambo ni yaleyale. Nani asingeapa kuwa ndivyo daima? Lakini 40 yaleta 1681, nayo ni 41 mara 41! Mifano 39 imekubali, wa 40 umekataa.

Sasa linganisha na hili: namba witiri mbili zikijumlishwa, jibu ni shufwa. Kwa nini? Kila witiri ni jozi kadhaa na moja iliyobaki; ukiziunganisha, zile moja mbili zilizobaki hufanya jozi. Hapa hapana haja ya kujaribu namba zote. Huo ndio uthibitisho.

Basi kabla chuo hakijafunguliwa, kijana na achukue kila siku kauli moja fupi kama hiyo, aandike sababu zake kwa sentensi kamili, kila mstari ukiegemea uliotangulia. Akina mama wa Umatengo wachimbao ngoro wanajua: nyasi hulazwa kwanza, udongo hufuata, ukigeuza utaratibu, shamba halisimami.

Nawe mlezi, usiseme hukusoma hisabati. Mwambie akusomee alichoandika, nawe umwulize kila mstari, "Kwa nini?" Atakapokwama, hapo ndipo penye pengo, na heri aligundue mezani kwako kuliko katika chumba cha mtihani.