Sekunde Tisini za Mtoto Wetu



Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitema moto. Kabla ya mapambazuko dunia nzima ilikuwa imekwisha kuiona Goma: anga lililogeuka jekundu, lava ikishuka hadi viunga vya kaskazini mwa mji, akina mama wakikimbilia Sake na Gisenyi na magodoro kichwani. Siku tano baadaye, serikali ilipowaamuru wakazi wa mitaa kumi ya Goma waondoke, picha za misururu ya watu zilienea tena kila mahali. Vituo vya televisheni vya mabara yote vilizionyesha katika taarifa za habari, na hakuna mtazamaji aliyedaiwa malipo ya pekee ili atuone tukiteseka.

Siku 68 baada ya mlipuko huo, tarehe 29 Julai, jina la Goma lilitajwa tena mbele ya kamera. Katika ukumbi wa Barclays Center, Brooklyn, mjini New York, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ilikuwa ikiwaita vijana 60 watakaoingia katika timu zake. Wa saba kuitwa alikuwa Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma tarehe 6 Oktoba 2002, akachukuliwa na Golden State Warriors. Huku kwetu tarehe ilikuwa imekwisha kugeuka, na usiku ulikuwa umekaa sana. Lakini picha ya kijana huyo akisimama ilikuwa na mwenyewe. Haki ya kuionyesha Marekani ilikuwa mikononi mwa vituo vya ABC na ESPN. Nje ya Marekani haki za namna hiyo huuzwa nchi kwa nchi au kanda kwa kanda, na mara nyingi mnunuzi ni chaneli ya kulipia.

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Maafa yetu husambazwa bure, na furaha yetu huuzwa. Mtoto wa Kalengera anayejifunza kudunda mpira juu ya mawe meusi ya volkano amekwisha kuona mara mia jinsi watu wa kwao wanavyokimbia. Kumwona mmoja wao akiitwa kwa heshima kunahitaji dekoda iliyolipiwa, au mega za kutosha katika simu. Nadhani hali hiyo si ya haki, na nadhani inaweza kurekebishwa.

Kwanza tuelewe kinachouzwa. Utaratibu huo wa kuwachagua chipukizi huitwa drafti. Katika ligi kubwa za Marekani kijana hachagui timu. Timu ndizo zinazomchagua kwa zamu, na zile zilizofanya vibaya hupewa nafasi ya kutangulia, ili wenye nguvu wasiwachukue vijana bora wote. Ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ilianza kufanya hivyo mwaka 1936. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya ofisini tu: wakuu wa timu hotelini, simu mezani, orodha ya majina ubaoni. Mwaka 1980 kituo cha ESPN, ambacho kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja tangu kizaliwe, kiliomba ruhusa ya kuonyesha shughuli hiyo. Pete Rozelle, aliyekuwa kamishna wa ligi, alishangaa: nani angekaa mbele ya televisheni kusikiliza majina yakisomwa? Ruhusa ilitolewa. Mwaka 2024 drafti ya NFL ilipofanyika mjini Detroit, watu zaidi ya 775,000 walihudhuria katika siku tatu.

Tuzingatie jambo hilo vizuri. Siku ya drafti hakuna mchezo unaochezwa. Hakuna goli wala mshindi wa kombe. Kinachotazamwa ni uso wa kijana anapoitwa, kofia mpya kichwani, mkono wa kamishna, machozi ya mama yake. Bidhaa ni mtu mwenyewe katika saa kuu ya ujana wake, pamoja na historia iliyomfikisha pale: kijiji, vita, wazazi, kocha wa kwanza. Watangazaji huisimulia historia hiyo kwa sababu ndiyo inayowashika watazamaji. Kwa hiyo Goma haikuwa jina tu katika wasifu wa Kuminga. Ilikuwa sehemu ya kilichouzwa usiku ule.

Bei ya bidhaa za namna hiyo si ndogo. Mwezi Julai 2024 NBA ilitangaza mikataba na Disney, NBCUniversal na Amazon ya miaka 11, kuanzia msimu wa 2025–2026, yenye thamani ya dola takriban bilioni 76. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ni kwa ajili ya michezo yenyewe, na drafti ni jioni chache tu katika mwaka. Hata hivyo drafti ndiyo mlango wa nyumba yote. Na tukiuliza nani anagawana, jibu liko wazi. Wenye timu wana fungu lao. Wachezaji nao, kwa nguvu ya chama chao, wamejipatia karibu nusu ya mapato ya ligi. Hilo ni jambo jema, nasi twapaswa kujifunza kwalo: hawakupewa kwa huruma, walijadiliana. Aliyebaki nje ya meza ni mahali pale palipomlea mchezaji kabla hajajulikana.

Wala si mara ya kwanza kwa nchi yetu kukutana na jambo hili. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, katika uwanja wa 20 Mei, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Serikali ya Mobutu iligharimia pambano, na kila bondia aliahidiwa dola milioni 5. Wenyeji walilala macho, kwa kuwa kengele ya kwanza ilipigwa saa nne baada ya usiku wa manane. Sababu haikuwa joto wala desturi yetu. Sababu ni kwamba wakati ule New York ilikuwa bado jioni, na kumbi zilizouza tiketi za kutazama pambano kwa televisheni zilitaka watu wao walio macho. Pambano lilikuwa kwetu, gharama ilikuwa yetu, lakini saa ilikuwa ya mnunuzi wa picha. Anayenunua haki za matangazo hununua pia mamlaka ya kupanga nani ataona, wakati gani, na kwa kiasi gani.

Kuna watakaopinga, na hoja zao zastahili kusikilizwa. Wa kwanza atasema: ligi ndiyo iliyobuni shughuli hiyo, ikajenga kumbi, ikalipa kamera; aliyelima ndiye avune. Ni kweli, na hakuna anayeitaka ligi igawe mavuno yake yote barabarani. Lakini methali yetu inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi nayo ni kilimo. Kabla ya shule za Marekani, ambako Kuminga alikwenda mwaka 2016 akiwa bado kijana mdogo, kulikuwa na watu huku waliomlisha, na waliomwonyesha mpira kwa mara ya kwanza. Shamba hilo lina wakulima wengi kuliko wanaotajwa katika mkataba.

Mpira wa miguu umelikubali jambo hilo kwa maandishi. Chini ya kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa vilabu vyote vilivyomfundisha kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu ndogo yenye uwanja wa vumbi yaweza kudai fungu lake kwa kijana aliyefika Ulaya, mradi iwe imeandikishwa na iwe na kumbukumbu za kuthibitisha kwamba alipitia kwake. Drafti haina bei ya kumnunua mchezaji kutoka timu ya nyumbani, na kwa hiyo haina hata mlango wa kubishia hodi.

Wa pili atasema kwa uchungu zaidi: watu wetu wamehamishwa mara ngapi? Barabara ya Rutshuru imebeba wakimbizi wangapi? Mtu asiye na paa atazungumzaje habari za televisheni? Namheshimu anayesema hivyo. Hata hivyo naomba aangalie yanayompata mtoto anayekua bila kuona picha nyingine ya kwao isipokuwa ya maafa. Taratibu huamini kwamba Goma ni mahali pa kukimbiwa tu. Wageni nao huamini vivyo hivyo, na kila wanapotusaidia hutusaidia kama watu wasio na cha kutoa. Heshima ya watu haingoji vita iishe ndipo ianze kutetewa.

Wa tatu atanikumbusha ukarimu wa wachezaji wetu wenyewe. Dikembe Mutombo, aliyechaguliwa wa nne katika drafti ya mwaka 1991 na Denver Nuggets, alijenga Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, nayo ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Alipofariki tarehe 30 Septemba 2024 nchi nzima ilimlilia, na ilistahili. Lakini ukarimu wa mtu mmoja hauwezi kushika nafasi ya kanuni. Tukitegemea moyo mwema wa kila kijana anayefanikiwa, tunamtwika yeye peke yake deni ambalo ni la tasnia nzima, na tunaibadili haki kuwa sadaka.

Tudai nini, basi? Nayaona mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wa binadamu.

La kwanza ni haki ya kuona. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya matangazo ya mwaka 2010 inavipa vituo vya televisheni haki ya kuonyesha, katika taarifa ya habari, vipande vifupi vya tukio lenye mvuto mkubwa kwa umma, hata kama haki zote za tukio hilo zimeuzwa kwa kituo kimoja. Sheria hiyo inashauri kipande kisizidi sekunde 90. Tena tangu mwaka 1997 nchi za Umoja huo zinaweza kuweka orodha ya matukio makubwa ambayo hayawezi kufungiwa katika chaneli za kulipia peke yake. Ulaya, yenye fedha nyingi kuliko sisi, iliona kwamba soko likiachwa peke yake litawafungia wananchi nje ya furaha zao wenyewe. Baraza letu la mawasiliano, CSAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, pamoja na RTNC na wabunge, wana nafasi ya kuliweka jambo hili wazi kwa faida ya Wakongomani: mtoto wa nchi hii anapoitwa katika drafti, sekunde 90 za picha yake ziwe haki ya taarifa ya habari ya nchi yake, bila malipo.

La pili ni fungu la malezi. NBA imekwisha kuitambua Afrika kama soko. Mwezi Mei 2021, mwezi uleule wa Nyiragongo, ilitangaza kampuni ya NBA Africa iliyokadiriwa thamani ya karibu dola bilioni moja, na ligi ya BAL ilianza michezo yake Kigali, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Aliyetutambua kama wanunuzi atutambue pia kama walezi. Shirikisho letu la mpira wa kikapu, likiungana na yale ya nchi nyingine za Afrika, lina sababu ya kudai fungu dogo la haki za matangazo liende kwenye viwanja vya mahali walikozaliwa wanaoitwa. Mtu mmoja hawezi kujadiliana na ligi ile; nchi nyingi pamoja zaweza.

La tatu linatuhusu sisi, na halingoji wabunge. Tanzania inatufundisha kitu hapa. Mwaka 2021 shirikisho lake la mpira wa miguu lilitia saini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa haki za kuonyesha Ligi Kuu. Fedha hizo hazikutoka mbali. Zilipatikana kwa sababu ligi ya nyumbani ilikuwa na ratiba, kumbukumbu, na watu wanaoipenda. Sisi je, katika parokia zetu, shule zetu, mashirika yetu ya mtaa, nani anaandika jina la kijana anayecheza, mwaka aliozaliwa, na kocha aliyemfundisha? Redio zetu zinatangaza matokeo ya London na Madrid kila Jumapili jioni. Mara ngapi zinatangaza mchezo wa vijana wa Kalengera? Siku mlango wa kudai utakapofunguliwa, watakaoulizwa ushahidi ni sisi, na ushahidi ni daftari.

Kwa hiyo naomba kila shirika linalosoma ukurasa huu lianze na daftari hilo mwezi huu. Liwekwe na mtu mwaminifu, liandikwe kwa wino, na nakala yake ihifadhiwe mahali pengine, kwa maana tunajua jinsi karatasi zinavyopotea watu wanapokimbia. Kisha tuwaandikie wabunge wetu na CSAC juu ya zile sekunde 90. Kuminga alichaguliwa wa saba katika usiku ambao wengi wetu hatukuuona. Kijana atakayemfuata pengine yuko hapa leo, na saa yake ikifika, watu wa kwao wawe wa kwanza kumwona.