Vitambaa vya Kasai, sarakasi ya Matisse: na Butembo inapata nini?

Mwaka 1947, Paris, kulitoka kitabu cha picha 20 cha mchoraji Mufaransa Henri Matisse. Kinaitwa Jazz, lakini jina alilolifikiria kwanza lilikuwa Cirque, ni kusema sarakasi. Ndani mna mtu wa kumeza panga, mtu wa kurusha visu, mchekeshaji. Kwenye picha Les Codomas, wale wa kuruka na bembea hawana tena sura: wamebaki vipande vya rangi tu. Hakuna hema, hakuna sakafu. Anayetazama njo anatafuta mwenyewe nani anaruka na nani anadaka.

Hiyo inawahusu nini wakaaji wa Butembo na Beni? Ku ukuta wa Matisse kulikuwa vitambaa vya Wakuba, vya raffia, kutoka Kasai. Kwa Wakuba, wanaume wanafuma na wanawake wanatarizi: pembe na mistari inakwenda vizuri, halafu inageuka ghafla katikati, kama vile fundi amebadilisha wazo. Kusema Matisse aliiga ni kuzidisha. Lakini alikuwa anavitazama kila siku, na jina lake linajulikana dunia nzima; ya wale mamá waliotarizi, hapana.

Mu Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo! Mwenye mali anakopeshwa mali yake. Makumbusho ya taifa, iliyofunguliwa 2019 kwa pesa ya Korea Kusini, ni nzuri, ila kutoka Butembo kuifikia inaomba ndege. Mutoto wa Oicha aliyekimbia mashambulizi ya ADF na kulala kwa jamaa hataipanda kwa ajili ya kinyago. Mjadala wa kurudisha mali unaishia Kinshasa, na mashariki hakuna anayeulizwa.

Na kazi yenyewe haiombi jumba. Kisha operesheni ya 1941, Matisse hakuweza tena kusimama muda mrefu. Alikata kwa makasi karatasi zilizopakwa rangi, wasaidizi wakazibandika. Makasi, karatasi na gundi vinapatikana soko lolote la Butembo, na vijana wa kupiga sarakasi kwenye viwanja wapo. Kinachokosekana ni nakala za vile vitambaa mu masomo, na saa ya dessin isiyomezwa na hesabu. Hayo mawili, wizara ya elimu inaweza kuyaamua bila kungojea Bruxelles.