Wito kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Pwani

Ndugu zetu wa Kongowea na Marikiti, wa Ukunda, Malindi na Lamu, mnaoamka kabla ya adhana ya alfajiri ili mahamri na viazi vya karai viwe tayari wanunuzi wapitapo, nanyi mafundi cherehani, vinyozi na wauza mitumba ambao riziki yenu yatoka katika chumba kimoja cha kukodi: neno langu kwenu lahusu idhini ya kufanya biashara, jambo ambalo kila mmoja wetu hulinung'unikia peke yake, ilhali dawa yake haipatikani ila kwa pamoja.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti madaraka ya masoko na leseni za biashara, na tangu serikali hizo zianze kazi mwaka 2013, huko ndiko twendako kuomba. Atakaye kufungua mkahawa hutakiwa kibali cha biashara, hati ya usalama wa moto, leseni ya usafi wa chakula na cheti cha afya cha kila mpishi na mwandazi. Na akitundika ubao wa jina mlangoni, hulipia na huo. Akijaliwa kuongeza meza na kuajiri watu, ada nayo hupanda, kwa kuwa aghalabu hupimwa kwa aina ya kazi, ukubwa wa mahali na idadi ya wafanyakazi.

Wako wasemao kwamba heri leseni zote zifutwe. Siafikiani nao. Moto wa Gikomba wa Juni 2018, uliochukua roho za watu 15 jijini Nairobi, watosha kutuonya kuwa ukaguzi wa soko si anasa, na usafi wa jiko ni haki ya mlaji. Kinachotudhulumu si kuwapo kwa kanuni bali ni kufichika kwake: kutajiwa ada kwa mdomo, leo hivi na kesho vingine, kurudishwa kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna aliyeitaja hapo awali, kufungiwa duka pasipo sababu iliyoandikwa, na hatimaye kumpa askari kitu kidogo bila ya stakabadhi, ili siku ipite salama. Mwenye kulipa hivyo hupoteza fedha na bado hana hati mkononi, na kaunti nayo haipati hata senti ya kuzoa taka zetu.

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yamtaka afisa ajibu ombi ndani ya siku 21. Kifungu cha 47 kinampa mtu aliyedhurika au atakayedhurika kwa uamuzi wa kiutawala haki ya kuelezwa sababu zake kwa maandishi. Fauka ya hayo, ada hizi hutoka katika Mswada wa Fedha wa Kaunti, ambao Bunge la Kaunti limelazimishwa kuwashirikisha raia kabla ya kuupitisha.

Lakini muulizaji mmoja huitwa mkaidi, na mkaidi huadhibiwa; kidole kimoja hakivunji chawa. Basi kila soko na kila mtaa na uunde chama chake, uchague katibu mwaminifu ajuaye kuandika, na chama kipeleke barua moja, yenye saini za wote, kuiomba kaunti orodha ya ada, hati, ofisi na muda wa kila idhini, ibandikwe langoni mwa soko kwa Kiswahili. Asitoe mtu fedha bila ya stakabadhi, na anayebanwa asiachwe peke yake: jirani zake na wasimame naye, washuhudie kwa adabu.

Mswada wa Fedha utangazwapo, tusiwaachie wenye maduka makubwa ukumbi. Twende na hesabu zetu zilizoandikwa, mauzo, kodi ya chumba na faida, tudai kulipa kwa awamu, kwani mtaji mdogo hauwezi kutoa ada ya mwaka mzima kwa siku moja. Tudai ukaguzi wa moto na wa afya ufanywe kwa ziara moja. Na tudai hati zote zikusanywe katika kibali kimoja, kama Nairobi ilivyoanza kufanya mwaka 2023. Kaunti isiyoweza hayo ina wajibu wa kutueleza sababu.

Tulipe kilicho halali, nasi tupewe kilicho haki. Wiki hii, kabla hujafunga kibanda chako, zungumza na jirani yako wa kulia na wa kushoto, mpange siku ya kikao cha kwanza.