Mlima wa Saizi ya Mfuko Wetu
Wanachuo wenzangu wa Shinyanga na Geita, likizo ikikaribia kila mtu anauota Kilimanjaro. Akishapiga hesabu ya siku tano na zaidi, wapagazi na ada za hifadhi, boom lote kwisha, anaishia kukaa nyumbani. Mbona Hanang tunaupita tu? Basi la Arusha kupitia Singida linapita Katesh, chini ya mlima wenyewe. Mita 3,420, na mwenye pumzi anapanda na kushuka siku moja. Theluji hakuna, baridi ipo. Tujichange watano watano, tumlipe mwongozaji pamoja. Desemba 2023, mvua iliporomosha tope likaua watu pale. Kwa hiyo twende Julai, kukavu, na hela ya gesti na mama lishe ibaki Katesh.