Umaarufu wa Aliyeshindwa

Waulize mashabiki wa kawaida wamtaje mwanamke mmoja wa Urusi anayecheza vitara. Likiwajia jina, yumkini litakuwa la Anna Smirnova, naye alivuma kwa pambano ambalo alichapwa 15–7.

Ilikuwa Milan, Italia, Julai 27, 2023, kwenye mashindano ya dunia. Mpinzani wake alikuwa Olga Kharlan wa Ukraine. Pambano lilipokwisha Smirnova alimfuata ampe mkono. Kharlan akamnyooshea kitara, waguse chuma kwa chuma basi. Mrusi akagoma kutoka. Aliketi kitini palepale jukwaani kwa zaidi ya nusu saa, kamera zikimmulika, na kabla ya jioni klipu ilikuwa imeshazagaa kila pembe. Kharlan aliondolewa mashindanoni kwa kukataa mkono, kisha Thomas Bach, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wakati huo, akamhakikishia nafasi ya kwenda Olimpiki ya Paris.

Sasa mtazame Sofya Velikaya, Mrusi mwenzake wa vitara. Huyu ana medali tano za Olimpiki: dhahabu mbili za timu, Rio na Tokyo, na fedha tatu za mchezaji mmoja mmoja, kuanzia London 2012. Fainali tatu mfululizo, zote kashindwa, na mbili kati ya hizo mbele ya wenzake wa timu. Rio, Yana Egorian alimpiku kwa pigo moja tu, 15–14. Mkasa wa namna hiyo ungetosha sinema, lakini nje ya wapenzi wa mchezo huo ni wachache wanaoukumbuka.

Mchezo wenyewe una lawama yake. Sura imefichwa nyuma ya wavu wa chuma, pigo ni la kufumba na kufumbua, taa mbili zinawaka kwa pamoja, halafu mwamuzi ndiye anaamua nani alianza kushambulia. Anayeperuzi simu ndani ya daladala ataambulia nini hapo? Mkono uliokataliwa hauhitaji mfafanuzi. Isitoshe, wengi waliochangia siku ile hawakuja kutazama vitara, walikuja kushika upande katika vita vya Urusi na Ukraine. Wanamichezo wa kike wamelalamika miaka nenda rudi kwamba mtandaoni wanapimwa kwa urembo. Kwa Smirnova hata urembo haukuhusika, na sehemu kubwa ya gumzo ilikuwa kejeli. Kujulikana kwa namna hiyo, mtu angeweza kuishi bila kuwa nako.

Paris 2024 vitara vilichezwa bila Mrusi hata mmoja. Kharlan alikuwepo. Akiwania shaba dhidi ya Choi Se-bin wa Korea Kusini, alikuwa nyuma 11–5, kisha akapata mapigo kumi huku akiruhusu matatu tu, akashinda 15–14. Siku chache baadaye akabeba dhahabu ya timu, na safari hii hata waliomjua kwa ule mkono wa Milan walikuwa wakiulizana taa zile husomwaje.